Tope si rangi: namna ya kunusuru nguo nyeupe za motokrosi

Kwa wengi wetu tuliohamia Uingereza, Jumapili ya mvua ni siku ya kukaa ndani na birika la chai ya tangawizi. Kwa wenyeji wengi wa mashambani huku, hiyo ndiyo siku ya kutoka. Ukipita barabara za Hampshire, Shropshire au Kent siku kama hiyo, unaweza kusikia mngurumo wa pikipiki nyuma ya miti, na ukisogea utawaona watu wazima na watoto wakiruka matuta ya udongo, wakianguka, wakiinuka na kuruka tena. Mchezo huo unaitwa motokrosi. Na wachezaji wake, kwa sababu ambayo dobi yeyote atashindwa kuielewa, wanapenda sana kuvaa nguo nyeupe.

Jumatatu asubuhi nguo hizo zinataka kufuliwa, na hapo ndipo na sisi tunapoingia katika mchezo huu. Waandishi tuliokimbia nchi zetu kwa sababu ya kalamu tunajua kwamba digrii ya nyumbani haimlipii mtu kodi ya chumba ugenini. Wenzangu wengine wanaendesha teksi, wengine wanahudumia wazee, na mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishika zamu za mwanzo wa wiki katika duka la dobi kusini mwa Uingereza. Nimekutana humo na Waswahili wa kila upande: wa Unguja, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Bujumbura. Na wapo wasomaji wasiofua kwa malipo ila wana watoto waliozaliwa huku. Mtoto akikataa mpira na kutaka pikipiki, mzazi hana budi kujifunza kufua upya.

Makala hii ni kwa ajili yao wote, na ina jambo moja la kusema. Tope si rangi, ni ardhi. Anayelishughulikia kama rangi, kwa maji ya moto na jiki, ataharibu nguo ya watu, na akiwa na bahati mbaya ataharibu na mapafu yake.

MCHEZO ULIOZALIWA MATOPENI

Wanahistoria wa mchezo huu wanautaja mwezi Machi mwaka 1924, pale Camberley katika jimbo la Surrey, kuwa ndiyo mwanzo wake. Klabu moja ya pikipiki iliandaa mbio za kukimbizana porini bila ya mitihani ya ufundi iliyokuwa kawaida ya mashindano ya wakati ule. Waingereza waliziita mbio hizo jina lenye maana ya kugombania na kuparamia. Baada ya vita vya pili vya dunia mchezo ulishika Ulaya nzima. Mwaka 1947 yalifanyika Uholanzi mashindano ya kwanza ya timu za mataifa, na Uingereza ikashinda. Mwaka 1957 yakaanza mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mashindano hayo ya mataifa yapo hadi leo. Mwaka 2017 yalifanyika Matterley Basin, karibu na mji wa Winchester, katika tope kubwa, na Ufaransa ikachukua kombe. Mwaka 2024 yalirudi uwanja huohuo na Australia ikashinda kwa mara ya kwanza katika historia yake. Anayetazama picha za siku ya tope kama ile ya 2017 ataona kwamba baada ya mizunguko michache hujui nani amevaa nyeupe na nani amevaa buluu. Wote wanafanana na mtu aliyetoka shamba la mpunga.

Mchezo huu si wa Wazungu peke yao. Nairobi wanaucheza pale Jamhuri, na Waganda wana uwanja wao Garuga, karibu na Entebbe. Msomaji aliyewahi kutembea Nairobi au Kampala wakati wa masika anajua udongo wa huko ni wa namna gani. Viatu vyeupe vikiugusa, havirudi kuwa vilevile. Sababu ya jambo hilo ndiyo ufunguo wa makala hii.

KILA TOPE LINA KWAO

Tope ni mchanganyiko wa maji na chembe za ardhi, pamoja na majani yaliyooza. Chembe za mchanga ni kubwa, unaziona kwa macho, na nguo ikikauka zinaanguka zenyewe. Chembe za mfinyanzi ni jambo jingine. Upana wake haufiki milimita 0.002. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07, yaani chembe zaidi ya 30 za mfinyanzi zinaweza kujipanga juu ya upana wa unywele mmoja. Kitu kidogo namna hiyo kinaingia katikati ya nyuzi za kitambaa na kukaa. Hakijapaka rangi. Kimejificha tu, na kazi ya dobi ni kukitoa mafichoni.

Halafu kuna chuma. Udongo mwekundu wa Nairobi, wa Kampala, wa Devon hapa Uingereza na wa Georgia kule Marekani una wekundu huo kwa sababu ya madini ya chuma yaliyoshika kutu. Udongo wa rangi ya manjano au kahawia nao mara nyingi una chuma, ila kutu yake ni ya aina nyingine. Kutu haiyeyuki katika maji, wala haiyeyuki katika sabuni. Ukiona nguo imefuliwa vizuri, haina hata chembe ya mchanga, lakini magotini pamebaki kivuli cha rangi ya machungwa, basi ujue kilichobaki ni kutu.

Kusini mwa Uingereza, kama pale Matterley Basin, ardhi ni ya chaki. Tope lake ni la kijivu na jeupejeupe, na kwa nguo nyeupe ungedhani ni bahati. Lakini chaki ni ndugu wa chokaa, na chokaa ina ugomvi wa zamani na sabuni, kama tutakavyoona. Hawkstone Park kule Shropshire ni mchanga mtupu, na Lommel nchini Ubelgiji vilevile. Tope la mchanga linatisha kwa wingi wake lakini hutoka kwa urahisi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mteja, au mwanao, siyo nguo ni ya bei gani. Muulize ametoka kuchezea wapi.

KABLA YA SABUNI

Nguo ya motokrosi ikikufikia kuna hali tatu. Ya kwanza ni tope bichi, nguo imetoka uwanjani sasa hivi. Hii isuuze mara moja kwa maji baridi, kwa mpira wa bustani au kwenye beseni, maji yakipita kutoka upande wa ndani kwenda nje ili yasukume tope lilikotoka. Viwanja vingi vina mashine za maji ya nguvu za kuoshea pikipiki, na vijana hupenda kujipiga nazo wakiwa wamevaa nguo. Wakataze. Maji ya nguvu kwa karibu yanausukuma mfinyanzi ndani ya nyuzi, na yanaweza kufumua mishono.

Hali ya pili ni tope lililokauka kabisa. Hapa usiguse maji kwanza. Ikung'ute nguo nje, ikunjue kila pindo, kisha ipige kwa brashi laini mpaka vumbi liache kutoka. Kila kijiko cha udongo unachokitoa kikavu ni kijiko ambacho hutakifua.

Hali ya tatu ndiyo mbaya, tope lililo nusu bichi nusu kavu, zito kama ugali. Ukilisugua sasa unalipaka. Ama liloweshe kabisa ulisuuze, ama liache likauke ulipige brashi. Usichague njia ya katikati.

Lipo kosa jingine ambalo wapanda pikipiki wote wanalijua na wote wanalirudia, nalo ni kuiacha nguo mbichi ndani ya mfuko wa plastiki tangu Jumapili hadi Jumatano. Hapo hutapata doa la tope peke yake. Utapata na ukungu, vile vidoa vyeusi vidogo vidogo, ambavyo kuvitoa ni kazi kubwa kuliko kutoa tope lenyewe.

Na usiitie nguo yenye udongo moja kwa moja ndani ya mashine ya kufulia. Mchanga unakula pampu na beringi za pipa, na ndiyo maana maduka mengi ya mashine za kulipia hayataki kuona nguo za namna hiyo. Udongo uliousuuza urudishe bustanini, usiumimine kwenye bomba la jikoni likaziba.

SOMA KITAMBAA

Jezi ya motokrosi kwa kawaida ni poliesta nyepesi. Suruali ina mambo mengi zaidi: poliesta au nailoni nene, vipande vya kuvutika kwenye magoti na kiunoni, nembo za mpira zilizobandikwa, na mara nyingi kipande cha ngozi upande wa ndani wa goti ili mguu usiungue kwa joto la injini. Seti moja nzuri inaweza kupita pauni 150. Kwa dobi anayelipwa kwa saa, hizo ni fedha za siku nzima au zaidi, na mteja akidai fidia hakuna mzaha.

Ndani ya kiuno kuna kitambulisho kidogo chenye alama. Beseni lenye namba 30 au nukta moja maana yake maji yasizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Namba 40 au nukta mbili ni nyuzi 40. Pembetatu iliyopigwa msalaba inakataza dawa yoyote ya kung'arisha. Pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari ndani inaruhusu dawa ya oksijeni tu, siyo klorini. Mraba wenye duara ndani, ukipigwa msalaba, unakataza mashine ya kukaushia. Alama hizo hazihitaji Kiingereza, na ukizijua hakuna msimamizi atakayekubabaisha.

Toa vikinga vya magoti. Funga zipu na ile mikanda ya kunata, maana ikiachwa wazi itararua jezi ndani ya mashine.

SABUNI GANI, MAJI GANI

Sisi tumelelewa na sabuni ya kipande, na kwa maji ya mvua hakuna mfano wake. Lakini msomaji wa pwani anayakumbuka maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Unasugua sabuni mpaka mkono unauma na povu halitoki. Hayo ni maji magumu, yenye chokaa, na maji ya London na ya sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza ni ya namna hiyo. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hugeuka utando mzito wa kijivu unaoganda kwenye nyuzi. Ukifulia sabuni hiyo nguo iliyotoka kwenye tope la chaki unaongeza chokaa juu ya chokaa, na nguo nyeupe inakuwa na rangi ya majivu. Kwa maji ya huku tumia sabuni ya unga au ya maji ya mashine, ambayo imetengenezwa kuhimili chokaa.

Anza na mafuta. Tope la uwanjani limechanganyika na mafuta ya mnyororo na masizi ya ekzosi. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo pale penye weusi, sugua taratibu kwa vidole au brashi laini, acha dakika 10, suuza.

Kisha loweka. Chagua sabuni ya unga yenye vimeng'enya, maana ndivyo vinavyovunjavunja jasho, damu na uchafu wa majani. Vinafanya kazi vizuri katika maji ya vuguvugu, nyuzi 30 hadi 40. Maji yanayochemka huviua kabla havijaanza kazi, na zaidi ya hapo yanaifanya damu igande na kulegeza nyuzi za kuvutika. Acha kwa saa moja au mbili, mwaga maji yakichafuka, weka mengine. Mabeseni matatu ya maji ya vuguvugu yanashinda beseni moja la maji ya moto.

Kama suruali ina kipande cha ngozi usiiloweke usiku kucha. Ngozi hukakamaa, na rangi yake inaweza kuchuja ikaingia kwenye weupe. Shika sehemu yenye doa uiloweke hiyo peke yake, ngozi ibaki nje ya beseni.

Ikiwa weupe bado umefifia na kitambulisho kinaruhusu, tumia ile dawa ya unga ya oksijeni, ambayo kwa jina la kemia ni perkaboneti ya sodiamu. Ikiingia majini inatoa oksijeni ya kung'arisha bila ya klorini. Katika maji ya nyuzi 40 inachangamka kuliko katika maji baridi, kwa hiyo fuata kipimo cha paketi na uipe muda. Usiiweke kwenye ngozi.

Baada ya hapo ndipo mashine ifanye kazi yake, kwa nyuzi 30 au 40, na suuza mara ya pili. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Inaacha utando kwenye poliesta, na jezi iliyotengenezwa kunyonya jasho inaacha kulinyonya.

DOA JEKUNDU LILILOBAKI

Itazame nguo ikiwa bado mbichi, karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana. Kama kuna utando wa chaki, maji yenye siki kidogo yatauondoa. Kama kuna kivuli chekundu au cha machungwa, umefika kwenye kutu, na hapa sabuni imemaliza kazi yake. Dawa ya oksijeni nayo haina la kufanya, kwa sababu kutu ni chuma ambacho tayari kimeshiba oksijeni.

Kutu hutolewa kwa asidi nyepesi. Mama zetu walijua, walikamua ndimu juu ya doa, wakanyunyiza chumvi, wakaanika juani. Huku ndimu ni ghali lakini unga wa asidi ya sitriki, ambayo ndiyo ukali wa ndimu, unauzwa kwa bei nafuu kwa ajili ya kutoa magamba ya birika. Kijiko kimoja kikubwa katika lita moja ya maji ya vuguvugu kinatosha. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, kisha loweka doa kwa nusu saa, suuza, utazame, urudie. Haitoki mara moja. Kutu nyepesi itaondoka, nzito itapungua.

Madukani kuna dawa kali zaidi za kutu za nguo. Baadhi zina asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, na nyingine zinaivua kutu oksijeni yake mpaka chuma kiyeyuke majini. Zinafanya kazi kweli, lakini zinaweza kuvua na rangi ya nembo. Ukizitumia, vaa glovu za mpira, fungua madirisha, na usome maelezo mpaka mwisho.

JIKI NA HATARI YAKE

Nimeiacha jiki hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoshikwa kwanza na watu wengi. Nguo ni nyeupe, jiki ni ya nguo nyeupe, basi hesabu imekwisha. Hesabu hiyo si sahihi. Jiki ni dawa ya klorini. Inang'arisha kwa kuunguza rangi, na kutu haiunguzwi. Kama ndani ya maji kuna chuma kilichoyeyuka, jiki inakigeuza kuwa kutu mpya na kukigandisha kwenye kitambaa. Nailoni inageuka manjano. Nyuzi za kuvutika zinakatika. Mwenye nguo anarudi wiki ya pili na suruali iliyolegea magotini, na kikinga kinachotakiwa kukaa juu ya fupa la goti kinazunguka pembeni siku anayoanguka.

Kubwa zaidi ni hili. Jiki ikikutana na asidi, iwe siki, ndimu, dawa ya magamba au dawa ya kutu, inatoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kwenye mahandaki ya Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya hatari. Hutahitaji pipa zima. Beseni moja katika chumba kisicho na dirisha linatosha kumwangusha mtu.

Niliona kwa macho yangu. Dada mmoja wa Bujumbura, tuliyekuwa naye zamu moja, aliletewa suruali sita za klabu moja zenye tope jekundu. Zilikuwa zimeshalowekwa katika jiki na mtu wa zamu ya usiku, ambaye hakuandika popote. Tajiri akampa chupa ya dawa ya kutu isiyokuwa na karatasi ya maelezo, akamwambia azimalize kabla ya saa sita. Alipoimimina, chumba kilijaa harufu kali na yeye akaanza kukohoa, macho yakitoka machozi. Tulimtoa nje, tukafungua milango, tukaita gari la wagonjwa. Alipona, Alhamdulillahi, lakini kwa wiki kadhaa alikuwa akipanda ngazi kwa kupumzika. Siku iliyofuata tajiri alilalamika kuhusu suruali.

Jambo hilo likikutokea, usibaki kuokoa nguo. Toka kwenye hewa safi, watoe wenzako, na kwa Uingereza piga 999 kama mtu anapumua kwa shida. Usimwage dawa nyingine juu yake kwa nia ya kuizima.

HAKI YA ANAYEFUA

Wengi wetu tunanyamaza kwa sababu ya karatasi za ukaazi, au kwa kuogopa kupunguziwa saa. Lakini hili linafaa kujulikana na kila anayesoma. Hapa Uingereza kuna kanuni za mwaka 2002 kuhusu vitu vyenye madhara kwa afya kazini, maarufu kwa herufi COSHH. Zinamlazimu mwajiri kupima hatari ya kila dawa inayotumika, kuipunguza, na kumpa mfanyakazi maelezo na mafunzo anayoweza kuyaelewa. Kila dawa ya kazini inayouzwa kama kitu cha hatari ina karatasi ya usalama kutoka kwa mtengenezaji, na mfanyakazi ana haki ya kuiona. Taasisi inayosimamia ni HSE, na inapokea malalamiko ya wafanyakazi.

Kudai karatasi hiyo si utovu wa adabu. Waweza kusema kwa upole kabisa: naomba nione dawa hii ni ya nini kabla sijaifungua. Na katika kila beseni unaloliacha, bandika kipande cha karatasi chenye jina la dawa na saa uliyoloweka. Laiti yule wa zamu ya usiku angefanya hivyo, dada yetu asingefika hospitali.

BUTI, GLOVU NA HELMETI

Mteja ataleta na vilivyobaki. Glovu zifuliwe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, zisikamuliwe kwa kupindwa. Buti nyeupe zipigwe brashi zikiwa kavu, kisha kitambaa chenye maji ya sabuni. Michirizi myeusi kwenye plastiki hutoka kwa ile sponji nyeupe ya melamini, lakini usikandamize, maana inakwangua kama msasa mwembamba. Jaza magazeti ndani ya buti ukauke taratibu, mbali na hita.

Helmeti usiioshe kwa petroli wala tina hata kama tope limeshikana na mafuta. Petroli inayeyusha lile povu gumu la ndani ambalo ndilo linalookoa kichwa, na huwezi kuona madhara kwa nje. Toa bitana yake, ifue kwa mkono, igeuze kivulini. Ganda la nje litoshe kwa maji na sabuni ya vyombo.

KUANIKA

Usiingize nguo yoyote ya motokrosi katika mashine ya kukaushia kabla hujaridhika na doa. Joto linalibana doa na kupasua nembo za mpira, na maji yakimwagika hayazoleki. Anika penye upepo na kivuli. Jua la Julai linaweza kuisaidia nguo nyeupe kwa saa moja au mbili, lakini nailoni ikikaa juani kila wiki inachoka.

Ukimaliza yote haya na bado kuna kivuli chekundu magotini, mwambie mteja ukweli kwamba kutu imebaki, kwamba raundi nyingine ya asidi ya sitriki huenda ikasaidia, na kwamba jiki haitatumika. Wengi watakubali. Jumapili ijayo watarudi kwenye tope lilelile, na hakuna kati yao atakayeulizwa uwanjani kama magoti yake ni meupe. Wasiokubali wapelekee tajiri, azungumze nao yeye.